Si Khemais Gharsalli na Mikono Yake Isiyotulia

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuwatoa watoto wa sekondari darasani na kuwaingiza msituni, Si Khemais Gharsalli ("Si" kwetu ni kama kusema Bwana), mkufunzi mkuu wa kambi yetu ya Ain Rihan, anastaafu tarehe 31 Agosti mwaka huu. Ofisi ilitaka wasifu huu wa kumuaga, unaosomwa leo mbele yenu, uandikwe na mtu mwenye cheo. Wenzangu wa kambini wakasema hapana, aandike Bi Mabrouka wa jikoni, yaani mimi, kwa kuwa ndiye aliyemlisha miaka hiyo karibu yote, na anayekulisha hakuogopi. Atakayeona nimesema mno na aende nyuma ya ukumbi akale kwanza. Hasira ya mtu aliyeshiba ni fupi.

Si Khemais ni mtoto wa milima hii hii. Baba yake alikuwa mvuna magome, mama yake alikuwa na mbuzi wengi na maneno machache. Alisomea misitu, akarudi na kofia ya serikali kichwani, akawa mlinzi wa msitu kwa miaka michache, halafu akakabidhiwa nyumba mbili za mawe, hema nne, nyumbu mmoja mkaidi na agizo moja: kila kiangazi waletwe wanafunzi wa sekondari kutoka Jendouba, Beja na Tabarka, wakae wiki mbili, waone kwa macho na kushika kwa mikono kwamba msitu ni kazi. Maana watu wetu wa mjini wanaujua msitu kama mahali pa kuchoma nyama Jumapili na kuacha mifupa.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuja na viatu vyeupe. Siku ya tatu hapakuwa na kiatu cheupe hata kimoja, na mmoja wao alikuwa amekaa juu ya mwamba akilia kwamba anataka kurudi kwao kwenye lami. Si Khemais akamwambia, "Lia, mwanangu, lia vizuri. Ukimaliza kuna kitalu kinasubiri maji." Yule mlia lami leo ana kitalu chake mwenyewe huko Nefza, anauza miche ya zeituni na misonobari kwa malori. Amekaa pale safu ya pili, na viatu alivyovaa leo pia ni vyeupe. Hakujifunza kila kitu.

Kazi za kambi mnazijua. Watoto wanapima miti, wanaotesha mbegu, wanafuata chemchemi mpaka zinapotokea, wanakagua mizinga ya nyuki, wanajifunza kusafisha njia za kuzuia moto. Na zaidi ya yote wanajifunza kuvua gome la mwaloni wetu, lile gome nene jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa. Si Khemais alizifundisha zote, na nyingine alizifundisha kwa kukosea mbele ya darasa, jambo ambalo walimu wengi hulifanya kwa siri.

Chukueni somo la kupima urefu wa mti. Unanyoosha mkono, unashika fimbo yenye urefu wa mkono huo wima mbele ya jicho lako, unarudi nyuma pole pole mpaka fimbo ionekane sawa na mti mzima, kisha unapima kutoka ulikosimama mpaka kwenye shina. Ni hesabu nzuri sana, ina kasoro moja tu: aliyeitunga alidhani ardhi yote ni uwanja wa mpira. Si Khemais alirudi nyuma, jicho kwenye fimbo, anaeleza, anarudi, anaeleza, watoto wamenyamaza kwa adabu, mpaka akaketi ndani ya kijito cha Ain Rihan, maji kifuani. Fimbo aliishika vile vile, wima. "Sasa pimeni kutoka hapa," akawaambia. Tangu siku hiyo kila anayepima anawekewa mwenzake wa kumwangalia nyuma. Imekuwa kanuni ya kambi, na wageni huiona kuwa ni busara kubwa ya kitaalamu.

Au ule mwaka wa mbegu. Alitaka mbegu za mwaloni zipandwe kwa mistari iliyonyooka, kamba na vigingi, kama bustani ya jenerali. Watoto walipanda kuanzia chakula cha asubuhi hadi adhuhuri. Usiku akaja nguruwe mwitu na wanawe. Wanyama hawa, Mungu aliwanyima uzuri akawapa pua. Walianza mwanzo wa mstari wa kwanza wakamaliza mwisho wa mstari wa mwisho, hawakuruka shimo hata moja, kana kwamba wanasoma. Si Khemais alisimama pale asubuhi, mikono kiunoni, akasema, "Angalau wao wamefuata maelekezo." Siku hizi mbegu zinapandwa bila mistari, chini ya vichaka vyenye miiba, na mialoni iliyosimama juu ya barabara ya Tabarka ni ya baada ya nguruwe wale.

Wazazi nao alipambana nao. Alikuja baba mmoja kutoka Beja na gari linalong'aa, akaliacha mlango wazi, akapiga kelele kwamba hakumsomesha mwanawe hesabu ili awe rafiki wa nyumbu. Si Khemais hakubishana. Akamwambia, "Karibu, bwana. Mwanao anahesabu maji ya chemchemi. Amepata jibu ambalo silielewi, njoo unisaidie." Ulikuwa uongo, jibu alilielewa sana. Lakini yule baba alivua koti, akashika ndoo na saa, akahesabu ndoo inajaa kwa muda gani, akamkosoa mwanawe, mwanawe akamkosoa yeye, na mpaka jua linazama walikuwa bado pale, wamelowa, wanagombana kwa furaha. Alikula kwangu sahani mbili za kuskusi. Yule kijana leo ndiye anayepima visima na chemchemi za nusu ya mkoa, na baba yake anasema wazo lilikuwa lake.

Hayo ndiyo mema yake. Sasa niseme ugonjwa wake.

Si Khemais ni mwalimu wa vitendo ambaye hawezi kumwacha mtu atende. Mtoto atashika shoka, atalinyanyua, atapiga mara moja, mara mbili, na kabla ya ya tatu utasikia, "Lete nikuonyeshe." Shoka linahama. Atamwonyesha pigo moja. Halafu la pili, maana la kwanza mtoto hakuona vizuri. Halafu upande wa pili wa mti, maana ni vibaya kuacha kazi nusu. Gome limeshuka zima, zuri, kama zulia, na mtoto amesimama pale na mikono mitupu kama mgeni kwenye harusi. Kuna wanafunzi waliompa jina la Lete, na wapo waliorudi kwao wakidhani ndilo jina alilopewa na babake.

Kwangu jikoni ni vile vile. Aliwahi kunionyesha jinsi ya kupika supu ya dengu. Mimi! Sufuria ile mpaka leo inatumika kuwanyweshea kuku. Aliwahi pia kumwonyesha fundi jinsi ya kutengeneza gari la kambi, na gari likarudi nyumbani likivutwa na nyumbu, fundi akitembea pembeni kimya, kama mtu anayesindikiza jeneza la mtu asiyemfahamu.

Nimtetee kidogo, lakini. Kuvua gome si kukata kuni. Chini ya gome kuna ngozi nyingine laini, nyembamba, tunayoiita mama. Gome la nje ukilivua vizuri, mama analitengeneza upya. Shoka likimgusa mama, pale alipojeruhiwa hatatoa gome jema tena, na jeraha utaliona mpaka uzeeni kwako. Basi kila mtoto aliponyanyua shoka, Si Khemais hakuona mtoto anayejifunza. Aliona mama anayekaribia kukatwa. Moyo wake ulikuwa upande wa mti. Nilimwambia mara nyingi, "Wewe mwanamume, na huyu mtoto naye si ana mama?" Anacheka, anakula, anarudi kunyang'anya mashoka.

Aliyemwambia kwa lugha aliyoielewa ni Dalila Boughanmi. Alikuja akiwa na miaka kumi na sita, binti wa muuza mikate wa Ain Draham, mwembamba, nyusi zimekutana, anatazama watu kama anawapima urefu. Siku ya nne akanyang'anywa shoka kama wenzake. Akaenda akaketi kwenye gogo. Si Khemais akauliza bila kugeuka, "Binti, mbona hutazami?" Naye akajibu, "Natazama, Si Khemais. Natazama tangu Jumatatu. Nikirudi nyumbani baba akiniuliza nimejifunza nini, nitamwambia nimejifunza kutazama."

Jamani. Nilikuwa nimewapelekea chakula, na kifuniko cha sufuria kilinitoka mkononi. Si Khemais alisimama na shoka lake hewani, masikio mekundu, kisha akalirudisha kwa yule binti, mpini mbele. Dalila akamaliza mti wake peke yake, polepole, vibaya kidogo, bila kumgusa mama. Wote tukadhani ugonjwa umepona. Mti uliofuata, mtoto mwingine: "Lete nikuonyeshe."

Dalila alikwenda kusomea misitu, na miaka minane iliyopita alirudi kwetu kama msaidizi wake. Ndiye anayepanga makundi, anayejua mtoto gani anaogopa nyuki na mtoto gani anajifanya haogopi. Lakini shoka la somo lilibaki kwa mzee.

Basi Aprili iliyopita akaja Si Taoufik, mkuu wetu kutoka ofisi ya mkoa. Alikaa jikoni kwangu kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kwingine kote kunavuja. Akanywa kahawa, akazungumza wazi. Akasema, "Kambi hii ni mikono ya Khemais. Mikono ikienda nyumbani, kinabaki nini? Mimi naona watoto waonyeshwe filamu shuleni kwao. Ni salama, na hakuna mtu atakayenipigia simu kwamba kidole cha mtoto wake kimebaki Ain Rihan." Dalila alikuwa mlangoni na koti linadondosha maji. Nilimwona amekunja ngumi ndani ya mikono ya koti.

Si Khemais, aliyekuwa pale mezani, akamtetea Dalila kwamba ataiweza kambi, tena kwa ukali. Mkuu akasema, "Unamsifu, lakini mimi sijawahi kumwona akifundisha. Kila nikija, mwenye shoka ni wewe." Hiyo ilikuwa kweli, na kila mmoja pale ndani aliijua, na aliyeijua zaidi ni mwenye mikono. Ndipo mkuu akaweka sharti: atakuja Julai siku ya kuvua magome. Dalila aongoze, watoto wafanye kazi, Khemais asiguse shoka wala asifundishe. Yakienda sawa, kambi ibaki na iwe ya Dalila. Mzee akiingilia hata mara moja, basi, tufunge hema, iwe filamu.

Kwa hiyo mjue, wageni wetu, kwamba kazi ngumu kuliko zote alizofanya Si Khemais katika miaka thelathini na minne ilikuwa kukaa kitako.

Alianza mazoezi Mei. Kwanza alitia mikono mifukoni. Mifuko ya suruali mbili ikatoboka, mkewe Bi Saloua akashona, ikatoboka. Akajaribu kushika tasbihi, lakini alikuwa anaivuta kwa nguvu kama anafungua jerikeni, mpaka uzi ukakatika na shanga zikaingia kwenye majani, tukazitafuta kama kuku. Juni, mbele ya kundi la kwanza, alidumu muda wa kunywa kikombe cha chai. Mvulana mmoja akashika shoka vibaya, mzee akaruka hapo hapo. Dalila alikuja jikoni akafunga mlango, akaniambia, "Bibi, nampenda mzee huyu kama baba yangu, lakini atanizika." Nikamwambia, "Mwanangu, watu kama yule hawafungwi kwa maneno. Wanafungwa kwa kazi. Niachie mimi."

Siku ya mkuu ilipofika, asubuhi kulikuwa na umande na hakuna upepo, hali nzuri ya kuvua. Nilikwenda msituni na gunia la vitunguu saumu, beseni, mwiko na kiti kifupi. Nikamkalisha Si Khemais chini ya mti wa pembeni, mahali anapoona kila kitu na hafiki popote. Nikamwambia, "Hivi vyote vimenywe. Na nisikilize vizuri: ukiinuka kwenye kiti hiki, leo huli, kesho huli, na harusi ya mjukuu wangu mwezi ujao utaisikia kwa ngoma ukiwa njiani." Akasema, "Bi Mabrouka, mimi ni mkufunzi mkuu." Nikamwambia, "Ndiyo. Menya."

Dalila akaanza. Hakuwa na sauti kubwa. Aliwapanga wawili wawili, akawaambia wagonge gome kwanza kwa mgongo wa shoka, si kwa makali, na kusikiliza. Likisikika wazi, kama mlango wa chumba kitupu, gome limeachana na mama, liko tayari. Likisikika zito na kavu, bado limeng'ang'ania, usilazimishe. Mialoni miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Mkuu alisimama na miwani yake ya jua, anatikisa kichwa kidogo, huwezi kujua ni ndiyo au ni inzi. Upande wa pili Si Khemais alikuwa anamenya kwa kasi ambayo sijaiona hata kwa wanawake wa maandalizi ya harusi. Maganda yanaruka.

Mwaloni wa tatu alipewa Yosra, binti kutoka mashamba ya ngano ya Bou Salem. Kwao miti wanaijua kwa kuisikia tu. Baba yake anataka awe mfamasia, na alikuwa amempa wiki hizi mbili kama mtu anayempa mtoto peremende ili anyamaze. Yosra akapiga vizuri kwenye ufa mrefu wa gome. Akapiga tena. Kwenye pigo la tatu aliliingiza shoka kisha akalizungusha mapema mno, nalo likanasa. Akalivuta, haliji. Akalisukuma, haliji. Akaanza kulivuta kwa juu kwa nguvu, na kila mmoja wetu aliyekulia hapa alijua kitakachofuata: shoka litatoka ghafla, litamchana mama toka kiunoni mpaka magotini, na kama binti hajakaa vizuri litamchana na yeye.

"Simama," Dalila akasema. Yosra akaacha kuvuta. Dalila alikuwa karibu kabisa, angeweza kulishika shoka yeye mwenyewe. Alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo akaikamata mmoja kwa mwingine.

Hapo ndipo mkuu alipotoa miwani. Alisahau kila alichokisema Aprili. Mtu mwenye hofu hana sharti. Akageuka kule chini ya mti akapiga kelele, "Khemais! Wewe Khemais! Msaidie mtoto, unakaa tu?"

Ndugu zangu, fikirini. Miaka thelathini na minne mtu huyu hajawahi kumkatalia mkuu wa kazi, awe huyu au waliomtangulia. Na sasa anaamriwa, kwa sauti, mbele ya watu, kufanya kitu anachokitamani kuliko chakula. Nilimwona makalio yameachana na kiti. Nilimwona shingo imesimama. Nilishika mwiko wangu, nikajua mwiko hautafaa kitu.

Akaketi tena. Akachukua kitunguu kingine. Akasema, "Samahani, Si Taoufik. Nina kazi mkononi. Mwalimu yuko pale pale, mwulize yeye."

Dalila hakugeuka hata kidogo, lakini mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamwambia Yosra, "Uliposikiliza, hapo ulipopiga palisemaje?" Yosra akasema, "Zito." "Na ukapiga?" "Nikapiga." "Haya, tumeshajua. Sasa tafuta panaposema vingine." Yosra akaanza kugonga kwa ngumi, juu, pembeni, sikio kwenye gome kama mtu anayesikiliza mtoto tumboni. Alichelewa. Mkuu alitazama saa. Wenzake watoto hawakucheka hata mmoja. Shibiri moja juu ya shoka na kidogo kushoto akasimama. Akagonga tena. Akasema, "Hapa. Hapa patupu."

Dalila akampa kabari ya mti, si shoka. Yosra akaipenyeza pale juu, akaisukuma polepole, gome likaanza kuachia, na shoka lenyewe likalegea likashuka mkononi mwake kama paka anayeamka. Halafu gome likatoka. Lilitoka zima, kwa ule mlio mrefu ambao anayeujua hahitaji kuelezwa, na ndani mti ukaonekana wa manjano na mwekundu, una majimaji, kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Hakuna mkwaruzo. Yosra aliweka kiganja pale akasema, "Wa baridi," halafu akaanza kulia na kucheka pamoja, na Dalila akamfuta kamasi kwa ncha ya kitambaa chake mwenyewe. Nimeona walimu wengi. Hilo haliko kwenye filamu.

Kumbe gunia lote la saumu lilikuwa limekwisha, vitunguu vya mwezi mzima, vimemenywa vyote na vingine vimepondwa kwa vidole, sijui alidhani anamponda nani. Ilibidi nipike. Siku hiyo saumu ilikuwa kwenye supu, kwenye nyama, kwenye saladi, kwenye harisa, ile pilipili yetu ya kusaga, na nadhani hata kwenye chai. Mkuu alikula sahani mbili, akanywa maji mengi. Alipokuwa anaingia kwenye gari hakumtazama Si Khemais. Akateremsha kioo akamwita Dalila, akamwuliza, "Mwakani utahitaji mashoka mangapi?"

Dalila akajibu papo hapo, akataja mara mbili ya anayoyahitaji, kwa kuwa ofisi hukata nusu. Hilo nalo kuna mzee aliyemfundisha, na hakulifundisha kwa kumnyang'anya chochote.

Si Khemais alikuwa amekwenda bombani kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu kuliko saumu inavyohitaji, ametugeuzia mgongo. Tukamwacha. Dalila ndiye aliyemfuata baadaye akamshikia taulo. Sikusikia walichozungumza, na katika miaka yangu yote jikoni hilo ndilo jambo pekee la kambi ambalo sikujaribu kulisikia.

Si Khemais, sasa nakugeukia wewe. Wenzako wa Ain Rihan wanakushukuru. Wanakushukuru wanaopima maji, wanaozima moto, wenye vitalu na mizinga, na yule daktari wa Tabarka ambaye hakuwa mtu wa msitu lakini anasema ni kwako alikojifunza kusikiliza kabla ya kukata. Anakushukuru Dalila, ambaye hatasema, na mimi nisiwe na haya kumsemea. Bi Saloua tunampa pole mapema. Amenituma niseme kwamba jiko la nyumbani lina mwalimu tayari.

Mimi nina la kwangu moja. Mwaloni ule wa Yosra umevuliwa, umeandikwa mwaka kwa rangi nyeupe kama kawaida, na sheria ya msitu unaijua: hakuna shoka litakalougusa tena mpaka mama amalize kusuka gome jipya, nayo huchukua miaka kumi na miwili. Mimi huenda nisiwepo, na sitaki mtu alie kwa hilo. Lakini wewe bado una nguvu, una meno, na una mke anayekustahimili. Basi hatukutakii mapumziko, maana hutayaweza. Tunakutakia umri wa gome zima. Siku mwaloni ule utakapogongwa tena na kujibu kama mlango wa chumba kitupu, uwe umekaa pale karibu, mzima, na watoto wasiokufahamu wawe wanaulizana yule babu ni nani, na Dalila awaambie.

Nenda salama, mwanangu. Chakula kiko tayari.

Bi Mabrouka Ayari
Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kambi ya Ain Rihan